Sauti Kizimbani: Kanda za Kesi ya Rivonia na Suala la Matini ya Kisheria

Historia ya sheria imejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya karatasi: hukumu, hati za mashtaka, na mwenendo wa shauri ulioandikwa. Mazungumzo ya mahakamani, ambayo kwa asili yake ni tendo la sauti, humfikia mtafiti yakiwa yamekwisha kugeuzwa kuwa maandishi. Tahakiki hii inadai kwamba rekodi ya sauti ya kesi si kiambatisho cha mwenendo ulioandikwa, bali ni matini inayojitegemea, na kwamba wahakiki wa fasihi simulizi wana zana za kuisoma ambazo wanasheria hawana. Dai hili linajadiliwa kupitia kanda za kesi ya Rivonia, iliyosikilizwa Pretoria mwaka 1963 na 1964.

Kesi hiyo ilirekodiwa kwa mikanda laini ya plastiki, teknolojia ya ofisini iliyokusudiwa kuhifadhi imla za makatibu. Mashine za kuichezesha zilipotoweka, mikanda ilibaki ikiwa bubu. UNESCO iliingiza kumbukumbu za kesi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, lakini sehemu kubwa ya sauti yenyewe haikusikika hadi Mfaransa Henri Chamoux alipoifanyia kazi kwa mashine aliyoibuni. Kazi ya kuihamishia katika mfumo wa dijiti ilikamilika mwaka 2016, na jumla ya mikanda ni 591.

Tuanze na kauli mashuhuri zaidi. Tarehe 20 Aprili 1964, Nelson Mandela alizungumza kizimbani kwa takriban saa 3. Hakutoa ushahidi wa kiapo. Alichagua kutoa maelezo ambayo upande wa mashtaka haungeweza kuyadodosa, ingawa kisheria maelezo ya namna hiyo yana uzito mdogo. Katika machapisho mengi, sentensi ya mwisho husomeka kama tamko kwa ulimwengu mzima. Katika rekodi, kabla ya kutaja utayari wake wa kufa, Mandela anamwita jaji kwa cheo chake cha heshima. Neno hilo la uitikiaji, ambalo wahariri wengi wameliacha, hubadili hadhira ya kauli. Aliyekuwa mbele yake ni Quartus de Wet, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumnyonga. Maandishi yametupa ilani. Sauti inaturudishia mazungumzo kati ya mshtakiwa na mwamuzi wake. Mhakiki aliyezoea kuuliza fanani anamwambia nani, na kwa nini wakati huo, hawezi kuiona tofauti hii kuwa ndogo.

Mfano wa pili ni Walter Sisulu, ambaye alikubali kudodoswa. Sisulu hakuwa na elimu ndefu ya darasani, ilhali mwendesha mashtaka, Percy Yutar, alikuwa msomi wa sheria. Ukisoma maswali na majibu yao utaona mantiki ya hoja tu. Ukisikiliza, utabaini pia dhihaka katika kiimbo cha muulizaji na utulivu wa anayejibu bila haraka. Kituo kabla ya jibu ni sehemu ya jibu, na karatasi haina alama ya kukionesha.

Hata hivyo, tusiifanye sauti kuwa ukweli mtupu. Kanda hizi zilitengenezwa na mahakama ya dola ya ubaguzi. Kipaza sauti kilikaa pale ambapo mahakama ilitaka kikae. Minong'ono ya jamaa waliokaa nyuma haikuwa shabaha yake. Filamu ya Nicolas Champeaux na Gilles Porte, *The State Against Mandela and the Others* (2018), inaonesha hatari nyingine. Ubora wake mkubwa ni kuwaketisha wazee waliokuwa washtakiwa, miongoni mwao Ahmed Kathrada, Denis Goldberg na Andrew Mlangeni, wazisikilize sauti za ujana wao na kuzungumza juu yake. Hapo kumbukumbu inahojiana na rekodi. Lakini michoro jongefu inayoambatana na kanda humwelekeza msikilizaji nani wa kumwogopa na nani wa kumwonea huruma kabla sikio halijaamua. Sauti iliyookolewa imekwisha kufasiriwa.

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Nchini Tanzania, hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ilikuwa kawaida, juu ya ngazi ya mahakama za mwanzo, shahidi kueleza kwa Kiswahili na hakimu kuandika kwa Kiingereza. Tuchukue mfano wa kubuni: shahidi anasema, "Nikamwambia, ndugu yangu, basi yaishe." Je, amekiri kosa, ameomba suluhu, au amechoka tu na ugomvi? Kiimbo ndicho kingeamua. Hakimu akishaandika kwa Kiingereza kwamba walipatana, fasiri moja imegeuka kuwa ushahidi, na mahakama ya rufaa haina njia ya kurudi nyuma.

Kuandika mwenendo kwa Kiswahili kunapunguza tatizo hili lakini hakuliondoi, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili nayo hayana kiimbo. Kinachohitajika ni kanuni za unukuzi zinazoonesha vituo, mkazo na maneno ya uitikiaji, zilizoandaliwa na wanaisimu na wanasheria kwa pamoja, pamoja na maadili ya kulinda mashahidi ambao hawakusema ili sauti zao zisikilizwe na watafiti. Mikanda ya Rivonia ilikaa bubu kwa miongo kadhaa, lakini angalau ilikuwapo. Ushahidi mwingi uliotolewa kwa Kiswahili katika mahakama zetu haukuachiwa hata mkanda wa kusubiri mashine.