Kunde-mwitu si Magugu

Tumeletewa tafsiri ya kijitabu cha kilimo kilichokusudiwa wakulima wa Kiberege na bonde zima la Kilombero. Lugha yake ni fasaha, lakini istilahi mbili hatuwezi kuziafiki.

Kwanza, kunde ziotazo zenyewe kandokando ya mashamba mfasiri ameziita "magugu ya jamii ya kunde". Kosa hili si dogo, kwani gugu, kwa mkulima, ni kitu cha kung'olewa. Mmea huo ni wa spishi ile ile ya kunde tunazokula, nao huweza kuchavushana nazo. Mbegu zake ni ndogo na ngumu. Maganda yake yakikauka hupasuka na kuzitawanya. Wakulima wa kale wa Afrika walipoanza kulima kunde walichagua mimea michache tu, na tofauti nyingi za urithi zikabaki porini. Huko ndiko watafiti hutafuta uwezo wa kustahimili wadudu. Akisoma "kunde-mwitu", mkulima huenda akauliza kabla ya kushika jembe.

Pili, "wingi wa vinasaba". Kinasaba ni neno zuri, limetokana na nasaba, lakini sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu hulitumia kwa maana ya DNA, na mfasiri wetu kwa maana ya jeni (ukurasa mmoja hata kwa mbegu!). Twapendekeza "anuwai ya jeni". Shamba la kunde za aina moja lina jeni nyingi mno, lakini anuwai haba.