Kiti cha Franklin

Franklin, mtoto Mweusi wa kwanza katika Peanuts, katuni ya magazeti ya Marekani, alionekana gazetini tarehe 31 Julai 1968. Mwezi Aprili mwaka huo, siku 11 baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Harriet Glickman wa Los Angeles alimwandikia mchoraji Charles Schulz kumwomba aingize watoto Weusi katika katuni hiyo. Schulz alisita, akichelea kuonekana kama anayewafanyia Weusi hisani. Glickman akawaomba rafiki zake Weusi nao wamwandikie, na Schulz akakubali.

Mwanzo huo ulichorwa kwa uangalifu mkubwa. Franklin anamrudishia mhusika mkuu, Charlie Brown, mpira uliochukuliwa na maji, kisha wanajenga ngome ya mchanga bega kwa bega. Rangi haitajwi hata kwa neno moja. Inaonekana tu katika vistari vya kalamu vilivyopangwa usoni mwake. Baadaye Franklin aliwekwa darasa moja na msichana Mzungu, Peppermint Patty. Schulz alisimulia kwamba mhariri mmoja wa majimbo ya Kusini alimwandikia kulipinga jambo hilo, naye hakumjibu.

Ukaribu huo ndio uliopotea katika kipindi maalumu cha Sikukuu ya Shukrani, A Charlie Brown Thanksgiving, kilichorushwa na kituo cha runinga cha CBS tarehe 20 Novemba 1973. Snoopy, mbwa wa Charlie Brown, anaandaa meza uani, chakula chenyewe mkate wa kubanika na bisi. Wenzake wamekaa pamoja. Franklin yuko peke yake upande wa pili, juu ya kiti cha bustani cha kukunja, na pembeni yake hapana mtu.

Katuni za runinga za wakati huo zilibana matumizi kwa kupunguza michoro: umbo lilitulia, mdomo na mkono tu vikacheza. Kwa hiyo picha ya mezani hukaa machoni muda mrefu, na mahali alipoketi mtu husema mengi kuliko maneno yake. Si lazima pawe na nia mbaya. Bill Melendez, mmoja wa waongozaji wawili wa kipindi hicho, mwenyewe alizaliwa Mexico. Lakini mtoto anayetazama haoni nia, anaona upande mtupu.

Upungufu wa pili ulikuwa wa tabia. Kati ya wenzake, Linus ana blanketi lake, Lucy ana ukali, Schroeder ana piano. Franklin alipewa adabu tu, na mhusika asiye na kasoro hana hadithi ya kubeba.

Marekebisho yalikuja mwaka 2024 katika kipindi kingine maalumu, Snoopy Presents: Welcome Home, Franklin. Mmoja wa waandishi wake ni Robb Armstrong, mchora katuni Mweusi ambaye Schulz alichukua jina lake la ukoo akampa Franklin. Humo Franklin anahamahama kwa sababu ya kazi ya baba yake jeshini, anatafuta marafiki na kukosea, anagombana na Charlie Brown. Wanapofika mezani, Franklin anaketi upande wake wa zamani, na wenzake wanamwita aje kwao: wamemwekea nafasi.