Tone la damu kavu na miale isiyoonekana

Anayepanda kutoka Ujiji kwenda Kasulu na Kibondo huliacha joto la ziwa nyuma na kuingia nyanda za migomba na maharage. Ubaridi wa huko haujawakinga watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza kwa malaria: takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa nayo.

Zahanati huwatambua kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini. Kipimo cha haraka hukwama vitendanishi vikiisha, na mstari wake waweza kuendelea kuonekana wiki kadhaa baada ya mtoto kumaliza dawa. Hadubini nayo inadai jicho lililozoea. Ndiyo maana jaribio la Taasisi ya Afya Ifakara la kutambua malaria kwa miale ya infraredi, lililochapishwa mwaka 2019, linastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Watafiti walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio, kutoka kata 12 za kusini mashariki mwa Tanzania: watu 123 wenye vimelea vya malaria aina ya falciparum na 173 wasio navyo. Kukausha kuna sababu. Maji hufyonza sana miale ya infraredi, tena jirani kabisa na pale protini inapojitambulisha. Damu mbichi ingefunikwa na maji yake yenyewe.

Tone kavu hubanwa juu ya fuwele ndogo ya mashine, na miale hupenya kwenye damu kwa mikroni chache tu. Kila kifungo cha kikemia hutikisika kwa kasi yake na kumeza sehemu yake ya miale: protini mahali pake, mafuta ya utando wa seli mahali pake, hata karatasi nayo huacha alama. Kinachotoka ni mchoro wa vilima na mabonde. Kimelea hula himoglobini na kuubadilisha mchoro huo kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni. Kompyuta, kwa hesabu ya rigresheni ya lojistiki, ilifundishwa kukiona, na majibu yake yakalinganishwa na ya PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Ilipatia kwa asilimia 92.

Asilimia hiyo ikipelekwa Kigoma inamaanisha nini? Tuchukue watoto 1,000, wenye vimelea wakiwa 240 kama ilivyokuwa 2017. Kwa uwezo uliopimwa wa kuwanasa wagonjwa, asilimia 92.8, watanaswa 223 na 17 watarudi nyumbani na vimelea vyao. Kati ya wazima 760, kwa kuwa asilimia 91.7 tu ndio husomwa sawasawa, 63 wataambiwa wanaumwa. Yaani katika kila watano watakaopewa dawa, zaidi ya mmoja hana malaria.

Tatizo jingine liko kwenye tone lenyewe. Mashine hutoa mchoro mmoja kwa eneo zima linalosomwa, hivyo seli chache zenye vimelea huzama katikati ya maelfu ya seli safi. Hapa ndipo picha za haipaspektra zinapotofautiana: kila nukta ya picha hubeba mchoro wake, na kipande cha tishu huweza kuchorwa ramani ya kemia yake bila kutiwa rangi. Lakini mitambo hiyo ni ya maabara kubwa. Si ya zahanati.

Kwa Kasulu na Kibondo kuna swali la karibu zaidi. Mtoto mwenye malaria mara nyingi ana upungufu wa damu pia. Kompyuta isipoangaliwa hujifunza upungufu huo ikidhani imekiona kimelea. Dawa yake ni kuifundisha upya kwa damu ya huko huko: ya mtoto mwenye upungufu wa damu asiye na vimelea, ya mwenye vimelea asiye na upungufu huo, na ya aliyemaliza dawa wiki iliyopita. Karatasi kavu ni nyepesi, hukaa ndani ya bahasha yenye kikaushio na husafirishwa hadi mashine ilipo. Kazi inaweza kuanza na karatasi hizo, kila moja ikiwa na jibu lake la PCR.