Uzi Uliochomwa Moto: Jinsi Foucault Alivyowaonyesha Watu Dunia Ikizunguka

Mwaka 1851 ungepata shida kumpata msomi wa Ulaya anayebisha kwamba Dunia hujizungusha. Copernicus alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 300, kanuni za Newton zilifundishwa vyuoni, na wanaastronomia walitegesha darubini zao kwa kuutegemea mzunguko huo huo. Kilichokosekana ni mahali ambapo mwoka mikate au fundi viatu angeingia, akasimama, akauona mzunguko kwa macho yake mwenyewe. Ushahidi mwingi ulikuwa angani, na asiyejua hesabu alilazimika kumwamini anayejua.

Aliyepajenga mahali hapo hakuwa profesa. Léon Foucault, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1819, alianza masomo ya udaktari akayaacha kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuona damu. Akawa msaidizi katika mafunzo ya hadubini, kisha mwaka 1845 akapewa nafasi ya kuandika habari za sayansi katika gazeti la Journal des Débats. Wanaosimulia maisha yake huitaja kazi hiyo ya gazeti kwa kupita tu. Kwangu mimi ndiyo inayoeleza mengine yote. Mtu aliyekaa miaka kadhaa akimfafanulia msomaji wa kawaida mambo yaliyojadiliwa na wanazuoni huja kujua msomaji huyo anachoka wapi, na hasa anaanza kushuku wapi. Kifaa alichokuja kukitengeneza Foucault kimejengwa juu ya shaka hizo, moja baada ya nyingine.

Wazo lilimjia karakanani. Alikuwa amefunga ufito mwembamba wa chuma kwenye mashine ya kukerezea, akaugusa ukatetemeka. Mashine ilipozungushwa, ufito ulizunguka nayo lakini mtetemo ulibaki katika mwelekeo ule ule wa awali. Basi, alijiuliza, vipi kama mashine yenyewe ni Dunia? Ukitundika uzito kwenye dari na kuuacha ubembee, dari itageuka pamoja na jengo na mji mzima, ila mstari wa kubembea hautakuwa na sababu ya kufuata. Aliyesimama sakafuni atauona mstari huo ukisogea polepole, kumbe anayesogea ni yeye.

Ajabu ni kwamba mabingwa wa hesabu walishapita hapo. Siméon Poisson alikuwa ameandika kwamba nguvu inayoletwa na mzunguko wa Dunia ni ndogo mno kuiathiri pendulumu kwa kiasi cha kuonekana. Kuhusu udogo wa nguvu hiyo hakukosea. Alichokiacha ni kwamba inasukuma upande ule ule kila bembeo, na vidogo vikirundikana kwa saa nzima huonekana hata kwa asiye na miwani.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye chumba cha chini ya ardhi, nyumbani kwake katika mtaa wa Assas, kwa waya wa mita 2 na tufe la kilo 5. Tarehe 3 Januari 1851 waya ulikatika. Tarehe 8, saa nane za usiku, tufe lilisogea kama alivyotarajia. Tarehe 3 Februari aliwaalika wanasayansi wa Paris waje Obsavatori, kituo cha kuchunguzia nyota, saa tisa hadi saa kumi na moja, kuiona Dunia ikizunguka. Safari hii waya ulikuwa na mita 11. Rais Louis-Napoléon Bonaparte alipopata habari, akaamuru jambo hilo lionyeshwe kwa wananchi chini ya kuba la jengo la Panthéon, Paris. Mwishoni mwa Machi milango ilifunguliwa.

Hapo ndipo penye ufundi wa kuchambua. Kifaa kilikuwa waya wa chuma cha pua wa mita 67, unene wake milimita 1.4, na mwishoni tufe la risasi lililovikwa shaba, uzito kilo 28. Kwa umbo halikutofautiana sana na timazi ya mwashi. Tofauti ni kwamba kila kipimo chake kilikuwa jibu kwa mtu mbishi.

Kwanza, urefu. Pendulumu ya mita 67 huchukua zaidi kidogo ya sekunde 16 kwenda na kurudi. Ni mwendo wa kutosha mtu kumgeukia mwenzake, kumwambia neno, na kurejesha macho kabla tufe halijarudi. Uzito nao ni wa kuishinda hewa: tufe jepesi lingechoka mapema, hili liliendelea kwa saa kadhaa. Umbo ni la mviringo kamili, maana tufe lenye upande mzito lingejipinda lenyewe na mbishi angekuwa na haki. Juu kabisa waya ulibanwa ili uweze kupinda kwa urahisi ule ule pande zote. Bano likipendelea upande mmoja, pendulumu itaufuata upande huo na Dunia itasingiziwa.

Kisha ukaja mchanga. Kuzunguka eneo la kubembea paliwekwa uzio wa duara wenye kipenyo cha mita 6, na juu yake vichuguu vya mchanga wenye unyevu. Chini ya tufe palikuwa na ncha. Kila tufe lilipofika mwisho wa bembeo, ncha ilikata mchanga. Liliporudi baada ya sekunde 16, ilikata milimita mbili au tatu pembeni ya mkato wa awali. Baada ya dakika 5 pengo lilikaribia sentimita 5. Ukiutazama ule mchanga huhitaji kumwamini mtu. Mkato wa kwanza upo pale pale, wa sasa upo kule, na katikati yake ni kazi ya Dunia. Nadhani hili ndilo tendo la mwandishi wa habari kuliko la mwanafizikia: alihakikisha tukio linajiandika lenyewe mbele ya mashahidi.

Lakini penye shaka kubwa zaidi ni mwanzo. Nani analisukuma tufe? Mkono wa mtu, hata ukiwa mtulivu namna gani, huachia kwa kuegemea kidogo upande mmoja. Tufe likisukumwa pembeni kidogo haliendi tena kwa mstari. Linachora duaradufu nyembamba, na duaradufu ina tabia mbaya: hujizungusha yenyewe, pasipo msaada wa Dunia. George Airy, mwanaastronomia wa Uingereza, aliipigia hesabu tabia hiyo mwaka ule ule wa 1851. Nimeitumia kanuni yake kulinganisha. Chukua pendulumu ya mita 2, inayobembea sentimita 30 kila upande, iwe imekosewa sentimita 1 tu pembeni. Mzunguko wa uongo unaozaliwa na kosa hilo ni zaidi ya mara 11 ya ule ambao Dunia huonyesha pale Paris. Sasa chukua ile ya mita 67, ibembee mita 3 kila upande, kosa libaki sentimita 1 hiyo hiyo. Uongo unashuka hadi chini ya asilimia 2. Watu husema Foucault alipenda urefu kwa ajili ya fahari ya kuba. Fahari ilikuwepo, sikatai, lakini bila urefu kosa dogo la mwonyeshaji lingeimeza Dunia nzima.

Hata hivyo urefu peke yake haukutosha, na dawa aliyoitumia ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Tufe lilivutwa hadi pembeni likafungwa kwa uzi. Likaachwa litulie kabisa, bila mtu kuligusa. Kisha uzi ukachomwa kwa moto. Uzi ulipokatika, tufe lilianza safari likivutwa na uzito wake tu, na umati ukaona kwamba hakuna aliyelisukuma. Kwa tendo moja alikuwa ameondoa kosa la kihesabu na shaka ya mtazamaji. Sijui onyesho jingine la sayansi ambamo mambo hayo mawili yameshughulikiwa kwa njiti moja ya kiberiti.

Palibaki swali lililowasumbua wengi: mbona mstari ulihitaji karibu saa 32 kumaliza duara pale Paris, na si 24? Jibu ni kwamba saa 24 ni za aliyesimama kwenye ncha ya Dunia. Kadiri unavyosogea kuelekea ikweta, sakafu yako hupungua kujipinda na kuzidi kubebwa tu, na kwenye ikweta yenyewe haijipindi hata chembe. Foucault aliijua kanuni hiyo, wanahesabu wakakimbilia kuithibitisha, lakini umma haukuimeza kwa urahisi. Mwaka uliofuata akatengeneza kifaa kingine, jairoskopu, ambacho hakitegemei latitudo.

Sisi tunaoishi huku ambako sakafu inakaribia kutojipinda tuna onyesho letu. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, na Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, mgeni huonyeshwa beseni la maji lenye tundu. Hatua kadhaa kaskazini ya mstari wa ikweta, maji hushuka yakizunguka upande mmoja. Hatua kadhaa kusini, upande wa pili. Kwenye mstari wenyewe, yanashuka moja kwa moja na vijiti vinavyoelea havigeuki. Watu hupiga makofi, hutoa chochote, hupewa cheti.

Tupige hesabu. Mita 20 kutoka ikweta, mzunguko wa sakafu ni mdogo kiasi kwamba pendulumu ya Foucault ikiwekwa hapo ingehitaji miaka ipatayo 870 kumaliza duara moja. Maji ya beseni hushuka kwa dakika moja au mbili. Kinachoyazungusha ni kitu kingine, nacho hakihitaji uganga: maji hukumbuka. Ukiyamimina kwa kuegemea ukingo mmoja, yanabaki na mzunguko mdogo usioonekana. Ukilibeba beseni na kuwageukia watazamaji kwa kupitia kushoto badala ya kulia, umeyapa maji mwelekeo. Tundu likifunguliwa, mzunguko huo mdogo unakazwa karibu na tundu na kuwa wa kasi. Anayetaka maji yashuke bila kuzunguka huyaacha yatulie kwanza. Simlaumu anayejitafutia riziki kando ya barabara. Mikono yake ni hodari kuliko ya maprofesa wengi. Ila onyesho lake limejengwa kinyume kabisa cha lile la Paris. Mkono wake ndio unaofanya kazi yote, na muda wa kukagua haupo.

Na maji yenyewe hayana hatia. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, alijaza tangi la duara lenye upana wa karibu mita 1.8, akalifunika na kuliacha litulie saa 24 nzima, kisha akayatoa maji taratibu kupitia tundu dogo katikati, kazi ya dakika 20 hivi. Kwa dakika kama 12 za mwanzo hakuna kilichoonekana. Baadaye kijiti kilichoelea kikaanza kugeuka kinyume cha saa, kama nadharia ilivyotaka kwa kaskazini. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney walirudia wakapata kinyume chake. Mwaka 2015 wapenzi wawili wa sayansi wanaotengeneza video, Destin Sandlin akiwa Alabama na Derek Muller akiwa Sydney, waliyafanya hayo kwa mabwawa ya watoto, wakatoa video mbili ambazo mtazamaji huziendesha kwa pamoja, moja kando ya nyingine. Wao nao waliyaacha maji yatulie kwanza. Siku hiyo ya kusubiri ndiyo uzi wao wa kuchoma.

Je, pendulumu inaweza kuonyeshwa Afrika Mashariki? Wanafunzi wetu wa sekondari huifahamu kwa uzi, kipande cha chuma na saa, wakihesabu bembeo ili kupata mchapuko wa mvutano, na mazoezi huishia hapo. Tuchukue vipimo vya Panthéon tuvihamishe. Dar es Salaam, duara zima lingechukua siku 8 na kitu. Mombasa siku 14. Nairobi siku 44. Kampala karibu nusu mwaka. Lubumbashi, iliyo mbali zaidi na ikweta, chini kidogo ya siku 5. Hakuna haja ya kungoja duara liishe, hata Paris hawakungoja. Swali ni umesogea kiasi gani kwa saa moja. Nairobi ni sentimita 1.8 tu kwenye ukingo wa mita 3, na hapo lile kosa la sentimita 1 la kuachia tufe lingezalisha mzunguko wa uongo unaozidi nusu ya ule wa kweli. Mtazamaji mbishi angeshinda. Pangehitajika pete ya kubana waya karibu na dari, aliyoibuni Fernand Charron kuzuia duaradufu, ambayo majumba mengi ya makumbusho huitumia leo.

Dar ni habari tofauti. Kosa lile lile lingekuwa takriban asilimia 11, yaani linavumilika hata bila pete, mradi uzi uchomwe na mlango ufungwe upepo usiingie. Majengo ya ghorofa yenye uwazi wa ngazi kutoka juu hadi chini yapo. Waya ukipungua hadi mita 30 makosa huongezeka, na hapo pete inakuwa ya lazima. Kwa mita 67, tufe lingekata mchanga karibu sentimita 9 kwa saa, kinyume cha saa, kwa kuwa tuko kusini. Mtu akipita saa mbili asubuhi akielekea kazini, akirudi saa saba mchana kula, angekuta alama imehama karibu nusu mita.