Lufufu hakuwa anatafsiri tu

Umewahi kuangalia muvi iliyotafsiriwa? Vibandani Ifakara wanakuwekea kwenye memori kadi, unavuka nayo mto hadi Lupiro, unaiangalia kwenye simu jioni baada ya kuamia ndege mpungani. Wasomi tunazicheka. Msimulizi anaongea juu ya waigizaji, anatia utani, jambazi wa Hong Kong anageuka mtoto wa Manzese.

Lakini hebu msikilize Lufufu, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii Dar es Salaam enzi za kanda za VHS. Hafuati neno kwa neno. Anakwambia huyu ni nani, ana kisa gani na yule, kakasirikia nini. Bibi asiyejua Kiingereza wala kusoma anaifuata hadithi mpaka mwisho.

Kasoro ipo, tena kubwa: hanyamazi! Akiongea, sauti ya filamu inashushwa, na muziki unapotea. Kwenye kibanda umiza angalau watu hubishana naye; kwenye simu anabaki anaongea peke yake.

Hata hivyo ningempa video zetu za malaria. Sisi watafiti tunaweka maandishi madogo chini, yanapita mbio, halafu tunalalamika kwamba wanakijiji hawaelewi.