Kiimbo Ndani ya Mabano: Uhakiki wa Kitabu cha Sarufi cha E. O. Ashton

Sehemu hii inahakiki nafasi ya kiimbo katika kitabu cha E. O. Ashton, Swahili Grammar (Including Intonation), kilichochapishwa mwaka 1944 kwa ajili ya wanafunzi wanaojua Kiingereza. Vitabu vingi vinavyofundisha Kiswahili kwa wageni humaliza suala la matamshi kwa kanuni moja: mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ashton hakuishia hapo. Alikitaja kiimbo katika jina la kitabu, japo ndani ya mabano, na kukieleza sambamba na sarufi.

Uamuzi huo una mashiko. Umbo la kitenzi cha Kiswahili halitofautishi taarifa na swali la ndiyo au hapana. "Umekunywa dawa" ni taarifa; "Umekunywa dawa?" ni swali. Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Neno "je" likiachwa, kiimbo pekee ndicho kinachobeba tofauti. Mzungumzaji wa Kiingereza amezoea kubadili mpangilio wa maneno anapouliza, hivyo huenda asitambue uzito wa kazi hiyo ya sauti. Muuguzi mgeni akikosea hapo, mgonjwa anaweza kusikia taarifa na kuitikia kwa adabu tu, ilhali dawa hajainywa. Kosa la namna hiyo si la lafudhi. Ni la maana.

Hata hivyo, mkabala wa Ashton una upungufu. Kwanza, maelezo ya maandishi humwonyesha mwanafunzi mahali sauti inapopanda, lakini hayamsikilizishi inavyopanda. Pili, mifano kwa kiasi kikubwa ni sentensi moja moja, ilhali kiimbo hupata maana kamili katika mazungumzo, pale jibu linapothibitisha kwamba swali limeeleweka. Kwamba Joan Maw na John Kelly waliandika kitabu kizima kuhusu kiimbo cha Kiswahili mwaka 1975 ni ishara kuwa mada hii haitoshi mabanoni.

Inaweza kutetewa kwamba mwaka 1944 vinasa sauti havikuwa mikononi mwa walimu. Utetezi huo unamwondolea Ashton lawama. Haumwondolei mwandishi wa leo, mwenye simu inayorekodi, ambaye bado anaridhika na kanuni ya mkazo. Kwa msingi huo, tunapendekeza kiimbo kifundishwe na kutahiniwa kwa kusikiliza na kuzungumza, tangu somo la kwanza la kuuliza.