Onyesha Mstari

Mhubiri wa stendi aliimaliza sura ya tatu ya Mwanzo kabla kondakta wetu hajamaliza kukusanya nauli. Hawa alikula epo, akasema, spika ikikoroma. Hawa akamponza Adamu, na tangu siku ile mwanamke amelaaniwa. Ndiyo maana ndoa zinavunjika, ndiyo maana mabinti wanavaa wanavyovaa. Abiria wakaitikia amina. Kisha akataja namba ya simu ya kutumia sadaka, akahamia kwenye basi la nyuma. Mistari 24 ambayo watu wamekesha nayo kwa zaidi ya miaka 2,000 ikawa imekwisha hivyo.

Niliumia, kwa sababu mimi nilibahatika kusomeshwa sura hiyo na fundi.

Alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu kule Machame, Mlutheri wa kizamani, koti lake moja kwa Jumapili na kwa msiba. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Mwalimu. Kipindi chake cha Biblia kilikuwa Jumatano jioni, watu wakishatoka shambani, na kilikuwa na amri moja tu: onyesha mstari. Ukisema jambo lolote juu ya Adamu na Hawa, weka kidole panaposema hivyo. Usipopaona, kaa chini, tuendelee. Hakuwa mkali hata kidogo. Alisubiri, penseli mkononi, na muda wote tuliotaka kupekua alitupa.

Mama mmoja wa kwaya, mtu wa heshima zake, alisema siku moja kuwa tunda lile lilikuwa epo. “Onyesha mstari, mama.” Tukatafuta sote. Limo tunda la mti ulio katikati ya bustani, basi. Epo lilitoka kwenye picha ya shule ya Jumapili, jekundu, limening’inia juu ya kichwa cha mwanamke wa Kizungu mwenye nywele ndefu. Na sisi tuliozungukwa na migomba na miparachichi tulikuwa tumeiamini picha kuliko kitabu. Wiki nyingine ikawa zamu ya nyoka. Nani anasema huyu ni Shetani? Tulifunua mpaka tukafika Ufunuo sura ya 12, na hapo ndipo tulipompata. Mwanzo yenyewe inasema alikuwa mnyama mwerevu kuliko wote wa mwituni. Mwalimu hakutuambia kwamba Yohana, mwandishi wa Ufunuo, kakosea. Alitaka tujue nani kasema nini, na kakisemea wapi.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya laana. Mzee mmoja, muumini wa miaka mingi, aliona jambo hilo halina haja ya kutafutwa: wanawake wamelaaniwa tangu Edeni, kila mtu anajua. “Onyesha mstari, mzee wangu.” Akavaa miwani. Mstari wa 14, aliyelaaniwa ni nyoka. Mstari wa 17, iliyolaaniwa ni ardhi, kwa ajili ya Adamu. Katikati, mwanamke anaambiwa habari za uchungu wa kuzaa na kutawaliwa na mumewe. Mwanamume naye anaambiwa jasho, miiba, na kurudi mavumbini. Maumivu yapo ya kutosha, tena mazito. Lakini laana yenyewe haikuwekwa juu ya kichwa cha mmoja wao. Mzee alisoma, akarudia, akafunua ukurasa wa pili kuona kama maneno yameendelea huko. Hakusema kitu. Mkewe, aliyekaa benchi la akina mama, hakusema kitu pia, ila kidole chake kilibaki kwenye mstari wa 17 mpaka tulipofunga kwa sala.

Mwalimu alisoma kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo, anaurusha kidogo, anaugeuza, jiwe halimpiti. Alituonyesha kwamba Mungu alitoa ile amri ya mti kabla mwanamke hajaumbwa. Basi Hawa aliipata kwa nani? Na kwa nini, anapoieleza kwa nyoka, anaongeza kwamba hata kugusa wamekatazwa, jambo ambalo Mungu hakulisema? Je, ni Adamu aliyeongeza, kwa hofu, ili mkewe asiusogelee? Mwalimu aliuliza, akaliacha swali likae. Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba swali hilohilo lilimshughulisha Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa mji wa Troyes, Ufaransa, katika karne ya 11. Anasimulia, kwa mapokeo ya walimu wa kale, kwamba nyoka alimsukuma Hawa mpaka akaugusa mti, halafu akamwambia: umeona, hukufa kwa kugusa, hutakufa kwa kula. Kwa hiyo nyongeza ndiyo iliyompa nyoka mlango. Mwalimu hakuwahi kulisikia jina la Rashi. Walikutana pale kwa sababu wote wawili walisoma polepole.

Ufundi huu ni mkongwe kuliko makanisa yetu. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, walimu watatu wanabishana ulikuwa mti gani. Rabi Meir anasema mzabibu, kwa kuwa hakuna kinacholeta kilio kwa mtu kama divai. Rabi Nehemia anasema mtini, maana majani yake ndiyo waliyojifunika, wakatengenezewa kwa kile kilichowaharibu. Rabi Yehuda anasema ngano, kwa kuwa mtoto hajui kumwita baba wala mama mpaka aonje nafaka. Ubishi ule haukufungwa. Maoni yote matatu yaliandikwa na kutunzwa, kila moja na sababu yake.

Na Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, mji ulio Algeria ya leo, alirudia kazi hii kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ufafanuzi wake wa kwanza wa Mwanzo aliuandika kuwajibu Wamanikayo, kundi la dini la enzi zake. Wa pili aliuacha njiani. Mwingine, wa vitabu 12, ulimchukua kama miaka 15, na uzeeni alipoupitia alisema umeuliza mengi kuliko uliyoyapatia majibu. Simfuati Augustino katika kila alichosema juu ya dhambi ya asili. Ireneo wa Lyons, aliyemtangulia, aliwaona Adamu na Hawa kuwa kama watoto ambao hawajakomaa, na moyo wangu uko huko zaidi. Lakini miaka 15 kwa kitabu kimoja naipigia magoti.

Kwa Kiswahili nako sura hii ilitangulia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kutafsiri Mwanzo, kadhi wa mji akimsaidia. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, palepale pwani. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani katika miaka hiyo ya 1840. Kadhi aliijua habari hii kutoka Kurani, ambamo Adamu na mkewe wanateleza pamoja na kuomba msamaha pamoja. Natamani ningewasikia wawili wale wakiipitia, kila mmoja akijua kwamba mwenzake si wa kumpitishia neno la kubahatisha.

Sasa kila mtu anataka wa kumlaumu. Lakini Mungu anapomhoji Adamu, jibu la mstari wa 12 ndilo hilohilo: ni mwanamke, tena mwanamke uliyenipa wewe. Anayetoka kwenye sura hii amemnyooshea mwenzake kidole amesoma mpaka hapo akakaa, upande wa Adamu. Wachungaji wetu wanafundishwa Kiebrania pale chuoni Makumira, wanakijua, halafu usharikani wanapewa dakika chache kati ya matangazo na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi. Kijana anayetaka mahubiri anayatoa kwenye simu, yamekamilika, hoja tatu zinazoanza kwa herufi moja. Anayauliza nini? Nani atamwambia aonyeshe mstari?

Mwalimu alifariki tukiwa mstari wa 21, pale Mungu anapowatengenezea Adamu na mkewe mavazi ya ngozi na kuwavika. Alikuwa ametuachia swali: kwa nini awavike watu anaokaribia kuwafukuza? Tulitakiwa tuje na majibu Jumatano iliyofuata. Aliyepokea mtaa alikuwa na mipango yake, Jumatano ikawa siku ya mazoezi ya kwaya, na mistari mitatu ya mwisho, ya makerubi na upanga wa moto, darasa letu halijaisoma mpaka leo.